Chatu wa Florida wanaua wenyeji bila kuwagusa

Wengi wetu hapa Pwani tukisikia kwamba chatu wa kigeni wameteka vinamasi vya Everglades, kusini mwa Florida, tunafikiria mabavu: joka la mita tano linamkaba nyoka mwenyeji, mchezo umekwisha. Nimezifuatilia habari hizi kwa muda, na kwa maoni yangu lililo baya zaidi halisemwi sana.

Chatu hao ni wa Burma. Waliingizwa Marekani kama wanyama wa kufugwa majumbani. Wengine walitoroka, wengine waliachiliwa na wenyewe baada ya kuwashinda kwa ukubwa. Kufikia mwaka 2000 ilikubalika kwamba wanazaana porini. Utafiti uliochapishwa 2012 ulionyesha kwamba rakuni wanaoonekana barabarani usiku wamepungua kwa zaidi ya asilimia 99, na sungura hawakuonekana kabisa. Sungura na panya ndio riziki ya nyoka wenyeji wakubwa pia. Mgeni amekaa kwenye sinia na kulimaliza.

Njaa peke yake ingetosha, lakini kuna kimelea. Kinaitwa Raillietiella orientalis, asili yake Asia, kinakaa kwenye mapafu ya nyoka na kunyonya damu. Mayai yake hutoka na kinyesi, mende akala, chura au mjusi akamla mende, nyoka akamla chura. Chatu alitoka nacho kwao. Ndani ya nyoka wa Florida, ambao hawakuwahi kukutana nacho, kinanenepa na kuwa kingi kuliko ndani ya chatu mwenyewe, na kimepatikana kwa nyoka wadogo wenye njuga mkiani katika maeneo ambayo chatu hajafika. Jimbo linawalipa watu wawinde chatu. Wakiwamaliza wote kesho, kimelea kitabaki na usafiri wake. Mende, jamani! Nani amewahi kumaliza mende?

Atakayesema hayo ni ya Marekani atazame marufuku ya 2012, iliyofunga mlango kwa chatu wa Burma miaka 12 baada ya mwizi kuingia. Katika orodha hiyohiyo wamo chatu wawili wa Afrika, wa kaskazini na wa kusini, ambao wote wanapatikana Kenya. Yule wa kaskazini alikuwa ameshaanza kuzaana karibu na Miami. Kwa hiyo chatu tunayemjua sisi, huko ndiye mvamizi, na biashara iliyompeleka inaweza vilevile kutuletea wao.

Njia yenyewe imeshapitwa. Kuna nyoka mmoja kipofu, mdogo, ukimwona utadhani mnyoo, ambaye asili yake ni Asia. Husafiri ndani ya udongo wa vyungu vya maua. Wote ni majike na hutaga bila dume, kwa hiyo mmoja tu anatosha kuanzisha ukoo. Yupo tayari katika pwani ya Afrika Mashariki. Hana madhara kwa mtu. Ninachokitazama ni udongo aliokuja nao, maana humo mende na mayai ya vimelea wanaenea vizuri tu.

Nasi tunajua gharama ya kuchelewa. Kunguru wa Bara Hindi waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili wasafishe taka, wakafika Mombasa, wakavamia viota vya ndege wetu, na mwaka 2024 KWS ikatangaza mpango wa kuwaua milioni moja.

KEPHIS hukagua mimea inayoingia. Wanyamapori ni kazi ya KWS. Chungu cha maua kinachoteremshwa Kilindini kikielekea bustani ya hoteli, kikiwa na nyoka ndani ya udongo, ni cha nani? Ningependa kaunti za Mombasa, Kwale na Kilifi ziulize swali hilo kwa maandishi, na zipewe jibu lenye jina la ofisi.