Kinywa cha kikaragosi ni kazi ya mwalimu wa Kiswahili

Tangu kundi la kwanza la mfumo wa elimu unaozingatia umilisi lilipofanya mtihani wa kumaliza sekondari msingi mwishoni mwa mwaka 2025, mjadala wa elimu nchini umetawaliwa na mikondo mitatu ya sekondari pevu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, Sayansi za Jamii, na Sanaa na Sayansi ya Michezo. Wazazi wengi huuona mkondo huu wa tatu kama jalala la walioshindwa. Walimu nao, hasa wa shule za mashambani, huuliza somo la Tamthilia na Filamu litafundishwaje pasipo kamera, taa wala studio.

Swali hilo ni la haki, lakini naamini limeulizwa kana kwamba filamu ni ya aina moja tu. Ipo filamu isiyohitaji waigizaji wala magari ya kubeba mitambo, yaani filamu ya vikaragosi inayopigwa picha moja baada ya nyingine. Mahitaji yake ni waya, kitambaa, udongo, katoni, simu moja yenye kamera na subira nyingi. Hoja yangu leo ni kwamba sanaa hii inaweza kufundishwa katika shule zetu nyingi, na kwamba mtu anayehitajika mno katika ufundishaji wake, ambaye hakuna aliyemkumbuka, ni mwalimu wa Kiswahili.

Nianze na istilahi, kwa kuwa mtu hawezi kufundisha asichoweza kukitaja. Kikaragosi ni neno lenye nasaba na Karagöz, mhusika mkuu wa mchezo wa vivuli wa Waturuki, nasi tulilipokea likazoea ngeli zetu hata hakuna anayelishuku ugeni. Uhuishaji limetokana na kitenzi huisha, yaani kukitia uhai kitu kisichokuwa nao. Kiunzi, neno la maseremala na waunda vyombo, latufaa sana kuitia mifupa ya waya iliyo ndani ya kikaragosi. Basi asitokee mtu akadai kwamba Kiswahili hakina maneno ya kazi hii.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Filamu ya kawaida huonyesha picha 24 kwa kila sekunde, na jicho huziunganisha likadhani limeona mwendo. Mhuishaji hukisogeza kikaragosi kidogo, akapiga picha, akakisogeza tena. Aghalabu kila mkao hupigwa picha mbili, hivyo mikao 12 hutosha kwa sekunde moja. Filamu ya dakika moja, basi, ni mikao 720. Idadi hiyo inatisha mpaka uigawe: makundi sita ya wanafunzi, kila kundi sekunde 10, ni mikao 120 kwa kila kundi. Haba na haba hujaza kibaba.

Tusidhani pia kwamba sanaa hii ilizaliwa katika utajiri. Ladislas Starewicz, aliyekuwa akihudumu katika jumba la makumbusho mjini Kaunas, Lithuania, alitaka mnamo 1910 kupiga filamu ya mbawakawa wakipigana. Wadudu hao hawakuustahimili mwanga wa taa, naye akawatumia waliokufa, akawaunganisha miguu kwa waya na nta, akawasogeza hatua kwa hatua. Plastisini, udongo usiokauka ambao umewatajirisha waundaji filamu wa Uingereza, ilivumbuliwa mwaka 1897 na William Harbutt, mwalimu wa sanaa katika mji wa Bath, kwa sababu udongo wa kawaida uliwakaukia wanafunzi wake mikononi. Naomba walimu walizingatie hilo: mmoja wenu aliitazama shida ya darasa lake, akaitafutia dawa.

Hata barani Afrika njia imekwisha kufyekwa. Moustapha Alassane wa Niger aliunda filamu ya vikaragosi, Samba le Grand, mwaka 1977, na mwaka 2001 akatoa Kokoa, ambamo vyura na wanyama wenzao hushindana mieleka. Katika Kongo, Jean-Michel Kibushi amekuwa akizihuisha hadithi za jadi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hapa Kenya, kipindi cha XYZ Show kilichoanzishwa na mchoraji Gado mwaka 2009 kilituzoesha kuwacheka wanasiasa kwa vikaragosi vya mpira. Hivyo vya XYZ huchezeshwa kwa mkono mbele ya kamera, havipigwi picha moja moja, lakini vimethibitisha kwamba mikono ya kuvifinyanga tunayo.

Sasa tuingie katika karakana. Kikaragosi cha shule kinatosha kiwe na urefu wa sentimita 20. Kiunzi chake hutengenezwa kwa waya wa alumini, ambao hukunjika bila kurudi nyuma. Usipopatikana, nyuzi mbili tatu za waya mwembamba zisokotwe pamoja, kwa sababu waya mmoja mgumu ukikunjwa mara nyingi mahali pamoja hukatika, na mara zote hukatika katikati ya filamu. Kifua na nyonga huimarishwa kwa kipande cha mti, viungo huachwa wazi, kisha mwili hujazwa sponji na kuvishwa nguo. Udongo utumike kwenye kichwa na viganja peke yake. Anayekifinyanga kikaragosi kizima kwa plastisini atajuta adhuhuri ya Mombasa, kwani joto litakilegeza kabla hakijapiga hatua ya pili. Nyayo nazo zibanwe chini kwa pini, maana kikaragosi kinachoinua mguu mmoja huanguka kama mtoto anayejifunza kutembea.

Mandhari ndogo ni somo la hisabati lililojificha. Ikiwa kikaragosi cha sentimita 20 kinamwakilisha mtu wa sentimita 160, kipimo chetu ni moja kwa nane, na kila kitu hakina budi kutii. Mlango wa mita mbili unakuwa sentimita 25. Karai la sentimita 24 linakuwa sentimita tatu, na kifuniko cha soda kinatosha. Bandua karatasi ya juu ya katoni nene na utayakuta mabati ya kuezekea kibanda, na migongo yake inakaribiana sana na kipimo kinachotakiwa. Watoto wetu ambao kwa vizazi wameunda magari ya waya na ya mikebe wana ujuzi huu tayari, ila hapana aliyewaambia kwamba ni elimu. Jambo la kuchunga ni mwanga. Madirisha yafunikwe, itumike taa moja isiyosogezwa, kwa kuwa jua husafiri wakati wanafunzi wakipiga picha, na filamu iliyopigwa kwa mwanga wa jua humetameta kama taa yenye hitilafu.

Hadi hapa msomaji anaweza kusema kwamba hii ni kazi ya mwalimu wa sanaa. Ndiyo, mpaka kikaragosi kinapofumbua kinywa.

Katika studio kubwa za ng'ambo sauti hurekodiwa kwanza. Kisha mtaalamu huisikiliza na kuandika katika jedwali kitamkwa kinachoangukia kila picha, na mhuishaji hulifuata jedwali hilo akibadilisha vinywa. Katika filamu ya Coraline ya mwaka 2009, nyuso za kubadilishwa zilichapwa kwa mashine. Katika Pinocchio ya Guillermo del Toro na Mark Gustafson, iliyoshinda tuzo ya Oscar mwaka 2023, Pinocchio mwenyewe hubadilishwa nyuso, ilhali wahusika wengine wana vifaa vidogo vilivyofichwa kichwani chini ya ngozi ya silikoni. Vyovyote iwavyo, yule anayeliandika jedwali anafanya kazi ya mwanafonetiki.

Kazi hiyo haiwezi kuazimwa kutoka Kiingereza. Chukua neno banana. Mwingereza anapolitaja tunda hilo, irabu ya kwanza na ya mwisho hufifia, na kinywa hufunguka sawasawa mara moja tu, katikati. Mswahili anaposema watu wanabanana katika matatu, shadda yake pia huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, lakini irabu zote tatu za banana hubaki kuwa a kamili, na kinywa hufunguka mara tatu. Wahuishaji wa Kiingereza hufundishwa kuzipuuza silabi hafifu. Ukiifuata kanuni yao kwa Kiswahili, kikaragosi kitaonekana kama anayenong'ona huku sauti yake ikipaa. Hii ndiyo sababu katuni za kigeni zilizotiwa sauti za Kiswahili huleta kero ambayo mtazamaji huihisi asiweze kuieleza: sikio linahesabu silabi tano, jicho linaona tatu.

Kwa bahati njema Kiswahili ni lugha karimu kwa fundi. Wanafunzi wangu wa fonetiki huwaagiza waje na kioo kidogo, wajitazame wakitamka, na jibu huwa lile lile. Irabu tano zahitaji vinywa vitano: a iliyo wazi kabisa, e iliyotanuka, i nyembamba, o ya mviringo na u iliyochongoka. Kinywa cha sita hufumbwa kwa ajili ya p, b na m. Cha saba huweka meno ya juu juu ya mdomo wa chini kwa f na v. Cha nane huonyesha ncha ya ulimi kati ya meno kwa th na dh. Sauti w huazima kinywa cha u, na konsonanti nyingi zilizosalia hutamkiwa ndani, jicho lisizione, kwa hiyo huvaa umbo la irabu iliyo jirani. Vinywa vinane, kila kimoja kama ukucha wa kidole gumba, hukaa katika trei ya mayai kila kimoja na jina lake.

Tazama sentensi fupi: Mtoto amelala. Tuseme imerekodiwa kwa sekunde moja na robo, yaani mikao 15. Ile m ya mwanzo ni silabi kamili, hivyo midomo hufumbwa kwa mikao miwili. Silabi to yenye shadda hupewa mitatu, to ya pili miwili, a mmoja, me miwili (mmoja wa kufumba na mmoja wa e), la yenye shadda mitatu, na la ya mwisho miwili. Mwanafunzi aliyelijaza jedwali hilo amejifunza silabi, irabu, konsonanti na shadda bila kukariri ufafanuzi hata mmoja. Tena atagundua kwamba kinywa hutofautisha dhana na zana, thamani na samani, jozi ambazo huwatatiza wanafunzi wengi kimatamshi. Kikaragosi kisichotoa ulimi kitakuwa kimekosea mbele ya darasa zima, na hakuna mwanafunzi atakayeaibishwa.

Natarajia pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba muda hautoshi na mtihani unangoja. Najibu kwamba sauti na matamshi ni sehemu ya somo la Kiswahili hata sasa, na tunavifundisha kwa kuwaimbisha watoto orodha zisizokumbukwa wiki ifuatayo. Mikao 120 kwa kundi yaweza kukamilika kwa vipindi vichache vya pamoja kati ya mwalimu wa lugha na mwenzake wa sanaa.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Wapo wasemao kwamba programu za akili mnemba sasa hutengeneza katuni kwa dakika chache, na kwamba kufinyanga vinywa kwa mkono ni kurudi zama za kale. Mimi siipingi teknolojia hiyo. Lakini shule haiundi filamu kwa sababu nchi ina upungufu wa filamu. Huiunda ili mtoto ajue kinachotokea kinywani mwake anaposema na mikononi mwake anapounda. Isitoshe, programu hizo zimelishwa Kiingereza zaidi ya lugha nyingine yoyote. Ikiwa hapatakuwa na vijana wetu wanaojua kwa nini banana ya Kiswahili ina vinywa vitatu vilivyo wazi, ni nani atakayeisahihisha mashine inapokosea?

Napendekeza basi mambo matatu. Wizara ya Elimu na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala zitayarishe mwongozo mfupi wa filamu ya vikaragosi kwa kutumia malighafi zinazookotwa, ili mzazi asitozwe hata shilingi, kwa kuwa tumekwisha sikia kilio cha wazazi kuhusu gharama za kazi za mradi. Vyuo vya walimu viwakutanishe wakufunzi wa Kiswahili na wa sanaa katika kazi hii. Nasi wa vyuo vikuu tulioiweka fonetiki katika vitabu na mihadhara tuiteremshe hadi kwenye meza ya kufinyangia.

Mwalimu asingoje mwongozo huo. Trei ya mayai ipo jikoni, na plastisini ikikosekana karatasi nene inatosha kukatia vinywa vinane. Aanze na neno moja.