Eti ataacha akikua?

Nimekuwa kimya kwa siku kadhaa, mniwie radhi. Nilikuwa na safari za hospitali na mpwa wangu, na nimerudi na dukuduku.

Kijana ana miaka minne. Ukimtupia mpira, mikono inafumba kabla haujafika. Ukimwambia amimine maji, nusu yanaishia mezani. Nyumbani tulikuwa tunacheka tu: "Huyu mtoto ana mapepe!" Jicho lake la kushoto huenda pembeni kidogo, hasa akichoka, na kila mgeni ana lake: mara makengeza ni urembo, mara ataacha akikua.

Wiki iliyopita daktari wa macho alimvalisha miwani maalumu, akamwonyesha picha ya nzi mkubwa. Kama macho yako mawili yanashirikiana, nzi huyo unamwona ameinuka juu ya karatasi. Mtoto akiambiwa amshike mabawa, vidole hufumbana hewani. Mpwa wangu akabandika vidole kwenye karatasi. "Mbona ni picha tu, Anko?" Sikuwa na jibu.

Nimesoma sana tangu siku hiyo. Mwaka 1960 wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, Eleanor Gibson na Richard Walk, walichapisha jaribio lao la meza ya kioo. Upande mmoja kitambaa cha mirabaraba kiko chini kidogo tu ya kioo. Upande wa pili kiko mbali chini, kama shimo. Waliwaweka katikati watoto 36 wa miezi 6 hadi 14, mama zao wakawaita. Watoto 27 walitoka pale katikati kwenda upande salama, na ni 3 tu waliothubutu kutambaa juu ya lile "shimo". Hawajui kuongea, lakini wamejibu!

Hata hivyo, jaribio lile huenda lisingemgundua mpwa wangu. Jicho moja nalo hukisia umbali: kitu cha mbali huonekana kidogo, cha karibu hukiziba cha nyuma. Ndiyo maana mtoto wa namna hii anakimbia, anapanda ngazi, na hakuna anayeshtuka. Kinachokosekana ni ule ujuzi wa macho mawili, ambao huanza kujitokeza kati ya miezi 3 na 5. Macho yakitazama pande mbili tofauti, ubongo unalipuuza moja, na lile linalopuuzwa linazidi kudhoofika.

Sasa hoja yangu. Tunahesabu kilo za mtoto, tunahesabu meno, tunasimulia jirani siku aliyosimama dede. Macho je? Jicho la mtoto mchanga kuyumbayumba miezi ya mwanzo ni kawaida. Likiendelea kwenda upande baada ya miezi 4, apelekwe akapimwe. Tiba hufanya kazi vizuri zaidi ikianza kabla ya miaka 7. Kusubiri "akikua" ni kusubiri mlango ufungwe.

Najua mtasema: Anko, nauli? Miwani bei gani? Ni kweli, si kila mtu anaweza kesho asubuhi. Lakini sisi hatukukwamishwa na nauli. Tulikwamishwa na maneno ya sebuleni, na mimi mwandishi wa habari ninayejidai kuuliza maswali sikuuliza hata moja.

Kuna utafiti mwingine wa meza ile ile, wa mwaka 1985. Watoto wa mwaka mmoja walipofika ukingoni walimtazama mama usoni. Mama akitabasamu, 14 kati ya 19 walivuka. Mama akionyesha hofu, kati ya 17 hakuvuka hata mmoja. Mtoto anaisoma sura yako na kuiamini. Sisi tulimtabasamia mpwa wangu kwa miaka minne.

Sasa ana miwani, na jicho zima linazibwa saa mbili kila siku ili lile vivu lifanye kazi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba, kwa tatizo la kiwango cha kati, saa mbili zinasaidia sawa na sita. Jana alilia, leo amelia kidogo.

Haya, una mtoto, mdogo wako, jirani? Mtazame macho leo. Halafu uliza anayejua, usiniulize mimi.

Wikendi njema.