Tusiilaumu Windows kabla ya kuipima betri

Mjadala wa wanafunzi kuhusu kompyuta mpakato huishia karibu kila mara mahali pamoja. Mwenye Mac hujivunia kwamba betri yake inamfikisha jioni, mwenye Windows hulalamika, na mwenye Linux humshauri mwenzake abadilishe mfumo. Kwa anayeandika tasnifu mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa, jambo hili si la mzaha. Hata hivyo, naona tunaanza na swali lisilo sahihi. Kabla ya kuuliza ni mfumo gani unaokula chaji, tuulize betri yenyewe imebaki na uwezo kiasi gani.

Betri za lithiamu huchakaa hata zikitunzwa. Joto, pamoja na kukaa muda mrefu zikiwa zimejaa asilimia 100, huharakisha uchakavu huo. Tuchukue mfano wa betri iliyotoka kiwandani na uwezo wa wati-saa 54. Kompyuta ikitumia wati 9, betri hiyo itadumu saa 6. Ikichakaa hadi kubaki na wati-saa 27, kazi ileile itaimaliza kwa saa 3, uweke mfumo wowote utakao.

Kuipima hakuhitaji fundi. Katika Windows, fungua dirisha la amri na uandike “powercfg /batteryreport”. Utapata ripoti yenye uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa. Katika Linux, mara nyingi amri ya “upower -d” hutoa takwimu hizohizo. Katika Mac, hali ya betri huonekana kwenye mipangilio.

Sisemi kwamba mifumo yote ni sawa. Apple hutengeneza kompyuta na mfumo endeshi wake, na tangu ilipotoa prosesa ya M1 mwaka 2020, uwiano huo umezaa matumizi madogo sana ya umeme. Windows inapaswa kuendesha mashine za makampuni mengi, na ubora wa kila moja hutofautiana. Linux nayo hutegemea programu zinazoendesha vifaa vya ndani: katika kompyuta moja inaweza kuongeza muda wa betri, katika nyingine ikaupunguza. Wapo wanaohamia Linux kwa sababu Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Hiyo ni sababu ya maana. Kuhama kwa matumaini tu kwamba betri iliyochakaa itafufuka ni kujidanganya.

Kilicho mikononi mwetu ni matumizi. Kupunguza mwangaza wa skrini, kufunga kurasa za kivinjari zisizosomwa na kuchagua hali ya kuokoa umeme huleta nafuu katika mifumo yote mitatu. Ile betri ya wati-saa 27, matumizi yakishuka hadi wati 6, itadumu saa nne na nusu. Tukumbuke pia kwamba kufunga kifuniko si kuzima. Kompyuta nyingi mpya za Windows huendelea kuamka na kuwasiliana na mtandao zikiwa zimefungwa ndani ya begi. Na kwa mashine inayoshinda kwenye chaja, baadhi ya watengenezaji wameweka kikomo cha chaji, kwa mfano asilimia 80. Katika Linux, programu ya TLP hufanya kazi hiyo kwa mashine zinazoikubali, zikiwamo ThinkPad nyingi.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya mafundi. Sikubaliani nao. Shule na vyuo vyetu hununua kompyuta zilizokwisha tumika, au huzipokea kama msaada, na fedha za kuzitengeneza hutoka katika mfuko uleule unaonunua vitabu. Ripoti ya betri isomwe kabla ya malipo, na betri ikiwa imechoka, gharama ya kuibadilisha ihesabiwe katika bei. Vilevile, somo la kwanza la kompyuta lisiishie kwenye kuandika na kuchapa. Mwanafunzi afundishwe kuipima betri na kuitunza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hujengwa kwa ada za wazazi.