Tusiiabudu Sayansi, Wala Tusiitupe

Msomaji, katika elimu zote alizozitafuta binadamu ni chache zilizomfaa kama sayansi, na ni chache pia zilizosingiziwa mambo mengi kama yeye alivyoisingizia sayansi. Imeponya maradhi yaliyokuwa yakifyeka vijiji vizima. Na kwa jina lake watu wamenyimwa shule, ardhi na heshima. Siku moja niliwasomea wanafunzi wangu baadhi ya habari nitakazozieleza hapa. Nilipomaliza, mmoja wao alisimama akauliza: "Mwalimu, ikiwa sayansi ilitutukana hivi, kwa nini tunaisoma?" Darasa lilinyamaza. Swali lile lilikuwa la haki, nami sikupenda kulijibu kwa mkato. Insha hii ndiyo jibu langu.

Nasema kwamba wako watu wawili wanaopotea. Wa kwanza ni yule ainamishaye kichwa kila asikiapo kuwa jambo limethibitishwa na wataalamu. Wa pili ni yule ambaye, kwa kuwa wataalamu fulani walimdhulumu, ameapa kutomwamini mtaalamu yeyote tena. Wa kwanza amemkabidhi mwingine akili yake. Wa pili ameifungia sandukuni. Wote wawili wameacha kuitumia.

Tuanze nyumbani. Katika miaka ya 1930 Kenya ilikuwa koloni la Uingereza. Nyanda za juu zenye rutuba zilikuwa mikononi mwa walowezi wa Kizungu, na shule za Waafrika zilikuwa haba. Kama shule hizo ziongezwe au zisiongezwe lilikuwa jambo la siasa na la fedha. Wakati huo tabibu mmoja, H. L. Gordon, aliyekuwa akihudumu katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, alieneza rai kwamba akili ya Mwafrika wa Kenya ina upungufu wa kuzaliwa nao. Mwaka wa 1933 kiliundwa hapa Kenya chama cha kuchunguza namna ya kuboresha kizazi cha wanadamu, na rai hiyo ikapata baraza la kuzungumziwa. Mwaka uliofuata, mtaalamu wa maabara ya serikali mjini Nairobi, F. W. Vint, alichapisha katika jarida moja la Uingereza habari za bongo 100 za Waafrika waliofariki. Alikuwa amezipima uzito na kuzitazama kwa hadubini. Alisema kuwa zilikuwa nyepesi kuliko za Wazungu, na kwamba tabaka lake la nje lilikuwa jembamba kwa kadiri ya asilimia 15.

Fikiri, msomaji, jinsi habari hiyo ilivyopendeza masikioni mwa mtu asiyetaka kutoa hata senti moja kwa shule ya mtoto wa Kiafrika! Hakuhitaji tena kusema, "Sitaki asome." Alitosheka kusema, "Hawezi kusoma, hadubini imesema." Ubahili uligeuzwa elimu, na dhuluma ikavishwa joho la daktari.

Sasa, badala ya kukasirika tu, tuulize. Watu wale 100 walikuwa akina nani? Walikula nini utotoni? Walikufa kwa maradhi gani, na maradhi hayo yaliwakondesha kwa muda gani? Bongo za Wazungu waliolinganishwa nao je, zilitolewa, zikahifadhiwa na kupimwa kwa mkono ule ule na kwa njia ile ile? Maswali haya si ya chuki. Ni maswali ambayo mwanafunzi yeyote wa maabara hufundishwa kuyauliza kabla ya kuandika matokeo yake. Tena jibu la moja kati yao lilikuwa karibu. Mwaka wa 1931, nchini humu humu, Orr na Gilks walikuwa wamekwisha kuchapisha uchunguzi wa Wakikuyu na Wamaasai ulioonyesha jinsi walivyoamini kuwa chakula huathiri umbo na afya ya mwili. Ikiwa chakula huathiri mifupa na misuli, kwa nini ubongo peke yake ulaumiwe kwa damu na asili?

Na liko swali kubwa kuliko hayo yote. Tuseme, kwa ajili ya hoja tu, kwamba hesabu zile zilikuwa sahihi kabisa. Je, uzito wa ubongo wa marehemu mmoja humpa mtu ruhusa ya kumfungia mtoto wa marehemu mwingine mlango wa shule? Haki ya mtu haitoki maabarani, wala haingojei mizani. Hatuwapimi wazee wetu vichwa kabla ya kuwapa mgawo wao wa chakula. Mwenye kuifanya haki itegemee kipimo cha mwili amekwisha kuidhulumu, hata kama kipimo hicho kitampendelea yule anayepimwa.

Usidhani kwamba kosa la namna hii huhitaji mwongo. Sikiliza habari ya watu wawili waliojaza mafuvu kwa mbegu. Friedrich Tiedemann wa Heidelberg alijaza mafuvu kwa punje kavu, akazipima uzito, na mwaka wa 1836 akatangaza kwamba hakuona tofauti ya maana baina ya ubongo wa Mwafrika na wa Mzungu. Hivyo akalaani utumwa. Samuel George Morton wa Philadelphia alijaza yake kwa mbegu za pilipili manga nyeupe, kisha baadaye kwa marisau, na kuanzia mwaka wa 1839 akachapisha orodha iliyowapanga watu wa dunia kwa daraja, Mzungu juu na Mwafrika chini. Watetezi wa utumwa wakaishangilia orodha hiyo.

Miaka mingi baadaye, mwaka wa 1981, Stephen Jay Gould wa Marekani aliandika kitabu akisema kwamba Morton, bila kujijua, alizipinda hesabu zake. Sisi tuliodharauliwa na kina Morton tungependa sana habari hiyo iwe kweli. Lakini mwaka wa 2011 wataalamu waliyapima upya mafuvu mengi, wakaona kwamba vipimo vya Morton kwa jumla vilikuwa sawa, na kwamba Gould mwenyewe alikosea mahali. Wengine wakalinganisha hesabu za Morton na za Tiedemann, wakakuta zimekaribiana sana! Basi hesabu zilikaribiana, hukumu zikaachana. Mmoja aliona jinsi mafuvu ya watu wote yanavyoingiliana kwa ukubwa. Mwingine akashika wastani, akaujengea ngazi. Ubaya haukuwa katika mbegu za pilipili. Ulikuwa katika jambo ambalo Morton alikuwa ameliamini kabla hajalijaza fuvu la kwanza.

Nimeitaja habari ya Gould kwa makusudi. Mwenye kushuku kwa haki hushuku pia maneno yanayompendeza. Anayewashuku adui zake tu, huyo hashuku, anashindana.

Turudi Kenya, tuone siasa ilivyoipokea elimu hii. Mwaka wa 1953 Shirika la Afya Ulimwenguni lilichapisha kitabu cha J. C. Carothers, aliyepata kuwa mkuu wa hospitali ya Mathari. Ndani yake alidai kwamba Mwafrika haitumii vema sehemu ya mbele ya ubongo wake, akamfananisha na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa sehemu hiyo. Wakati huo nchi ilikuwa katika hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Watu walikuwa wakidai ardhi na uhuru. Serikali ya kikoloni ilimwalika bingwa huyo aeleze sababu ya vita vya Mau Mau, na mwaka wa 1954 maelezo yake juu ya akili ya wapiganaji yakapigwa chapa Nairobi. Tazama ujanja wa jambo hili: mtu anasema, "Nirudishieni shamba langu," naye anajibiwa, "Njoo tukupime akili." Dai likiisha kuitwa ugonjwa, halihitaji kujibiwa; linahitaji kutibiwa. Na dawa ilipatikana: watu wapatao milioni moja walihamishwa kwa nguvu wakawekwa katika vijiji vyenye ulinzi.

Sasa nalirudia swali la mwanafunzi wangu. Ni nani aliyeyavunja madai haya? Hasira zetu zilikuwa za haki, lakini hasira haipimi ubongo. Yalivunjwa na watu waliopima tena, waliohesabu tena, waliouliza maswali yaliyorukwa. Mwaka wa 1950 wataalamu walioitwa na UNESCO walitangaza kwamba hakuna ushahidi wa kisayansi unaoonyesha kuwa mataifa ya watu hutofautiana katika akili ya kuzaliwa. Mwaka wa 1972 Richard Lewontin alionyesha kwamba kadiri ya asilimia 85 ya tofauti za urithi miongoni mwa wanadamu zimo ndani ya kila jamii, baina ya jirani na jirani, na ni kidogo tu inayotenganisha jamii na jamii. Tusi lilisemwa kwa lugha ya sayansi, na kwa lugha hiyo hiyo likakanushwa. Asiyejua lugha hiyo hubaki kusubiri wengine wamtetee.

Tena kuitupa sayansi kuna gharama, na gharama hiyo imelipwa katika bara letu. Afrika Kusini ilionewa kwa ubaguzi wa rangi kuliko nchi nyingi, na tuhuma zake juu ya elimu ya Wazungu zilikuwa na mizizi ya kweli. Rais Thabo Mbeki, aliyetawala tangu 1999 hadi 2008, aliona katika maneno ya watu juu ya UKIMWI ile dharau ya kale kwa mwili wa Mwafrika. Hakukosea kuiona dharau hiyo, kwani ilikuwako. Alikosea alipotoka katika dharau akaingia katika kukana kwamba kirusi ndicho chanzo cha maradhi, akazitilia dawa mashaka bila kuusikiliza ushahidi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2008 ulikadiria kwamba watu zaidi ya 330,000 walipoteza maisha kwa sababu dawa zilicheleweshwa. Wahenga walituonya: usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Wengi wa waliokufa walikuwa Waafrika weusi, watu wale wale ambao heshima yao ilikuwa ikitetewa.

Lakini katika nchi hiyo hiyo walikuwako raia walioshika njia ya tatu. Hawakumwinamia mtaalamu, wala hawakumkimbia. Walijifunza jinsi dawa zinavyofanya kazi, wakaupeleka ushahidi mahakamani, na mwaka wa 2002 Mahakama ya Katiba ikaiamuru serikali iwapatie wajawazito dawa ya kuwakinga watoto wao. Wale ndio ninaotaka wewe ufanane nao.

Kabla sijaweka kalamu chini, naomba tujitazame wenyewe. Matokeo ya mitihani yatangazwapo, sikiliza maneno ya watu njiani na katika matatu. Utasikia kwamba watoto wa upande fulani wamezaliwa na vichwa vyepesi, na wa upande mwingine wamezaliwa wavivu. Hakuna aulizaye ni wangapi waliofanya mtihani bila vitabu, ni wangapi waliotembea maili kadhaa bila kifungua kinywa, wala ni madarasa mangapi yaliyokosa mwalimu wa hesabu. Wastani umeshikwa, ngazi imejengwa. Huyo asemaye hivyo ni Mwafrika, naye humlaani Morton kwa kinywa kile kile! Nyani haoni kundule.

Basi, msomaji kijana, kesho utakapoingia maabarani usiingie kama mwabudu, wala usiingie kama mgomvi. Ukiletewa habari juu ya watu fulani, wawe wa rangi, kabila au dini yoyote, uliza: Nani alipima? Aliwapima akina nani? Aliacha nini bila kukipima? Nani atanufaika nikiamini? Kisha jiulize swali lililo gumu kuliko hayo: je, ningeuliza maswali haya kama habari ingekuwa ya kunisifu mimi?

Mwanafunzi wangu aliponisikiliza mpaka hapo alikaa kitako akafungua daftari lake la baiolojia. Sikumwomba afanye hivyo.