Ukimpa Mteja Deni, Mwandikie Bei Yote

"Hongera! Umechaguliwa kufungua akaunti ya mkopo na duka letu. Chukua jiko la gesi leo, lipa shilingi 100 tu kwa siku."

Ujumbe wa aina hii tumeuzoea sana kwenye simu zetu. Ukiusoma haraka unadhani umepewa zawadi. Kumbe umepewa deni, na ujumbe mzima haujalitaja neno hilo hata mara moja.

Sisi kazi yetu ni matangazo, na tunaelewa kwa nini unaandikwa hivyo. Mia moja ni pesa ambayo kila mtu anaijua: ni nauli, ni chai na mandazi. Elfu ishirini inatisha. Basi mwandishi anaitanguliza mia moja na elfu ishirini anaiacha mteja aigundue baadaye. Maoni yetu ni kwamba uandishi huo haumfai mteja, na haulifai hata duka lenyewe.

Ebu tupige hesabu kwa mfano. Jiko linauzwa shilingi 12,000 pesa taslimu. Kwa deni, mteja anatoa dipositi ya 2,000, kisha 100 kila siku kwa siku 180. Hiyo ni 18,000 juu ya 2,000, jumla 20,000. Sasa angalia vizuri. Baada ya dipositi, mteja alikuwa amepungukiwa na 10,000 tu. Hizo 10,000 amezilipia 18,000 kwa miezi sita. Na kama kila malipo yanakatwa ada ya shilingi 5, malipo 180 ni shilingi 900 zaidi. Sisi kama kampuni ya malipo tunanufaika malipo yanapofanyika, lakini hatutaki mteja ashangazwe na ada ambayo hakuambiwa.

Hatusemi kununua kwa deni ni kubaya. Mama mboga anayepata pesa kidogo kidogo kila siku hawezi kutoa 12,000 kwa mara moja, na jiko likimwezesha kuuza chapati jioni, pengine hizo 8,000 za ziada zitarudi. Tangu zamani maduka ya mtaani yameandikia wateja kwenye kitabu, na watu wakalea watoto hivyo. Lakini uamuzi ni wa mama mboga mwenyewe, na hawezi kuamua bila kuiona bei.

Kuna sababu nyingine ya kulishikilia jambo hili. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka wa 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zilikataza matusi, vitisho na kuwapigia simu jamaa na marafiki wa mdaiwa. Hata hivyo, kanuni hizo ziliacha nje mkopo unaotolewa na muuzaji ambaye biashara yake kuu ni kuuza bidhaa. Kwa hivyo mteja wa duka mara nyingi hutegemea sana kile alichoandikiwa. Kama barua haikusema faini ni ngapi, au kwamba simu aliyoichukua kwa deni itafungwa akikosa kulipa, atajua siku imefungwa. Na mtu wa boda boda ambaye simu yake imefungwa hapati wateja, wala hapati pesa za kulipa hilo deni.

Wazo la kutaja bei yote si geni pia. Sheria yetu ya ununuzi wa kulipa polepole, Sura ya 507, inamtaka muuzaji amwandikie mnunuzi bei ya pesa taslimu kabla ya mkataba. Inasema pia kwamba mnunuzi akishalipa theluthi mbili ya bei, muuzaji hawezi kumnyang'anya bidhaa bila kwenda mahakamani. Si kila mpango wa deni unaingia chini ya sheria hiyo, lakini mantiki yake ni nzuri kwa duka lolote.

Wengine watasema SMS ni fupi, haitoshi maelezo. SMS moja ina herufi 160. Hii hapa inatosha:

"DUKA LETU: Jiko Sh12,000 taslimu. Kwa deni: Sh2,000 leo + Sh100 kwa siku, siku 180 = Sh20,000. Ukichelewa, faini Sh50 kwa wiki. Hutaki ujumbe? Jibu ACHA."

Bei zote mbili zipo, muda upo, faini ipo, na njia ya kujitoa ipo. Hiyo njia ya kujitoa ni haki ya mteja, si hisani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inataka ridhaa kabla ya kutumia data ya mtu kibiashara. Mtu akikulipa kwa simu, amekulipa tu. Hajakuambia umtumie matangazo.

Kama ni barua ndefu, ianze na hesabu hiyo hiyo. Toa "umechaguliwa" kama kila mteja ametumiwa. Toa "bila masharti" kama masharti yapo. Eleza kama unapeleka majina CRB, na useme mapema, kwa sababu rekodi mbaya huko humfuata mtu miaka.

Tunajua pingamizi kubwa: "Tukisema 20,000, nani atachukua?" Ndiyo, wachache watachukua. Lakini duka halipati faida siku mteja anapokubali, linapata siku anapomaliza kulipa. Anayeijua bei tangu mwanzo amejipanga. Aliyevutwa na mia moja ataiona 20,000 mwezi wa pili, azime simu, na wewe ubaki ukimtafuta. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na matanga hayo huwa ya pande zote mbili.

Nawe unayepokea ujumbe kama huo, usikubali kabla ya kuuliza maswali manne: Bei ya taslimu ni ngapi? Nitakuwa nimelipa jumla ya ngapi nikimaliza? Nikichelewa, nini kinatokea? Ada ya kutuma ni yangu au yenu? Omba majibu kwa maandishi, hata kama ni kwa SMS, na uyahifadhi. Duka likikataa kuandika jumla, nunua kwingine, au weka hiyo mia moja yako kila siku. Katika mfano wetu, ukiwa na zile 2,000, siku mia moja zinatosha kununua jiko lile lile bila deni.