KOCHA, BAO MOJA HALITOSHI!

Najua wengi wenu mlitarajia niandike juu ya ngeli ama methali. Ngeli zitangoja. Kuna jambo limenikaa kooni tangu likizo ya Agosti 2025, na nisipolitoa katika jarida hili sijui nitalitolea wapi.

Jambo lenyewe ni kandanda. Ijumaa tarehe 22 Agosti 2025, Harambee Stars ilitolewa na Madagaska katika robo fainali ya CHAN pale Kasarani. Dakika 120 zilikwisha tukiwa 1-1. Zikaja penalti, tukafungwa 4-3. Penalti moja tu, jamani! Hapa Tarasaa watu walitoka kwenye vibanda vya video kimya kama waliotoka matangani. Mpokomo, Muorma, Mgiriama, wote kimya. Hata wale ambao kila Jumamosi hutukanana kwa ajili ya Arsenal na Manchester United, siku hiyo walitembea pamoja bila neno.

Kwa wale wasiofuata mpira (najua mpo, na wengine ni walimu), CHAN ni kombe la Afrika la wachezaji wanaocheza katika ligi za nchi zao wenyewe. Wale wa Ulaya hawaruhusiwi. Kenya ilikuwa haijawahi kuingia kabla ya hapo. Mara hii tukawa wenyeji pamoja na Tanzania na Uganda, na tukatupwa kundi moja na Moroko, Kongo, Angola na Zambia. Wengi walitucheka. Ati tutaaga mapema turudi kulima.

Haya, kilichotokea mnakijua. Tuliwafunga Kongo 1-0. Tukatoka sare 1-1 na Angola, mtu wetu mmoja akiwa ameonyeshwa kadi nyekundu mapema. Tukawafunga Moroko 1-0, tena tukiwa kumi uwanjani kipindi cha pili chote. Tukawafunga Zambia 1-0. Pointi kumi, kileleni mwa kundi. Sasa nani alikuwa anacheka?

Lakini hebu zitazameni hesabu hizo vizuri, msizitazame kwa macho ya furaha. Mechi tano pamoja na ile ya Madagaska, mabao matano. Hakuna hata siku moja tuliyopata mabao mawili. Na mabao hayo yote matano yalitoka kwa watu watatu: Austin Odhiambo mawili, Ryan Ogam mawili, na Alphonce Omija lile la Madagaska katika dakika ya 48. Omija ni beki! Yaani siku ya siku, mtu wa kutufungia bao alikuwa yule aliyewekwa kulinda.

Baada ya bao hilo, Kenya yote ilikuwa imekwisha fika nusu fainali kichwani. Dakika ya 69 Madagaska wakapewa penalti baada ya refa kutazama video, Razafimaro akaiweka wavuni, basi. Nimesikia mabishano mengi juu ya dakika zile 21 katikati. Wengine wanasema tulirudi nyuma mno, wengine wanasema tulishambulia ila bahati haikuwa yetu. Mimi sitaki kuingia huko. Ninachosema ni kwamba timu inayoishi kwa bao moja moja ni kama mtu anayevuka Mto Tana kwa mtumbwi uliojaa mpaka ukingoni. Atavuka leo, atavuka kesho, atasifiwa kuwa ni hodari. Siku wimbi dogo likija, hana pa kuponea. Na penalti ya dakika ya 69 ni wimbi dogo. Mpira huwa na mambo hayo kila siku.

Na huyu kocha, Benni McCarthy, ndiye anayenishangaza zaidi. Laiti angekuwa beki ningemwelewa. Lakini huyu ndiye mfungaji bora wa Afrika Kusini tangu nchi hiyo ianze kucheza, mabao 31. Mwaka 2004 alichukua Kombe la Mabingwa wa Ulaya akiwa na Porto, na njiani aliwafunga Manchester United mabao mawili katika mechi moja. Miaka ya baadaye Manchester hao hao wakamwajiri awafundishe mafowadi wao! Mtu kama huyo anapewa Kenya mwezi wa Machi 2025, na ifikapo Agosti timu yake inafunga bao moja, inafunga duka.

Rafiki yangu mmoja wa Kidato cha Tatu ananiambia mimi ni mtu asiye na shukrani. Ati Moroko tuliowafunga ndio waliochukua kombe, na Madagaska waliotufunga ndio waliocheza nao fainali, wakashindwa 3-2. Ni kweli, na ndiyo hasa inayoniuma! Tuliweza kumfunga bingwa tukiwa kumi. Tukiwa kumi, kulinda bao moja ni akili, hapo nampa kocha heko zote. Lakini ile akili ya kumi haifai kuwa akili ya kumi na mmoja. Isitoshe, tazama fainali yenyewe: 3-2. Waliokwenda huko walijua kufunga zaidi ya moja.

(Serikali nayo iliahidi shilingi milioni moja kwa kila mchezaji kwa kila ushindi. Nia njema, sikatai. Lakini milioni ile haikuuliza mabao ni mangapi.)

Wala si sisi peke yetu. Usiku ule ule Tanzania walifungwa na Moroko 1-0, na kesho yake Uganda wakafungwa na Senegali 1-0. Wenyeji wote watatu nje kwa siku mbili, na wote kwa uzi mwembamba. Afrika Mashariki tumejifunza kutofungwa mengi. Kufunga bado.

Sasa mtaniuliza, Kasarani na shule yetu vinahusiana nini? Vinahusiana sana, na hapa naomba walimu wanivumilie.

Mnakumbuka mechi yetu ya muhula wa pili, ile ya nusu fainali ya kaunti ndogo. Nani asiyekumbuka? Tulikuwa tunaongoza 1-0. Zimebaki dakika kama kumi na tano, fowadi wetu nambari tisa anawahangaisha mabeki wao mpaka wanagombana wenyewe kwa wenyewe. Mara tukaona anaitwa nje, anaingizwa beki wa tano. Bwana we! Wale jamaa walikuwa wanaacha watu watatu nyuma kumchunga yeye peke yake. Alipotoka, wote watatu wakapanda mbele. Dakika tano hazikwisha wakasawazisha. Tukaenda penalti, na mpigaji wetu bora amekaa benchi amejifunika jezi usoni.

Penalti zenyewe zilikuwa kichekesho. Mwalimu alipita akiuliza, "Nani anataka kupiga?" kama anayegawa chaki. Wawili walioinua mkono walikuwa hawajawahi kupiga penalti hata mazoezini. Majina yao siyaandiki, walishasemwa vya kutosha bwenini, na kosa halikuwa lao. Kijana aliyekubali kubeba mzigo uliowashinda wengine hastahili kuzomewa.

Kilichoniudhi zaidi ni paredi ya Jumatatu. Nahodha wetu aliomba kusema, akaambiwa mchezo ni mchezo, twende madarasani. Kwa heshima zote, mwalimu, sidhani kuuliza ni utovu wa adabu. Katika hesabu tukikosa tunaambiwa tuonyeshe njia. McCarthy na umaarufu wake wote huketi mbele ya waandishi wa habari baada ya mechi akaulizwa, kwa nini huyu, kwa nini si yule. Sisi wachezaji na mashabiki wa shule ndogo ya Tana Delta hatuombi mkutano wa waandishi. Tunaomba dakika kumi.

Wenzetu saba wa timu ile walikuwa Kidato cha Nne. Kwao hakuna mwaka ujao. Wengine hawatavaa tena jezi ya timu yoyote, watakwenda kwenye mashamba ya mpunga, watakwenda kwa mifugo, watakwenda Malindi kutafuta kibarua, na mechi ya mwisho watakayoikumbuka ni ile.

Kwa hiyo ombi langu ni hili, na nimelijadili na nahodha mpya naye ameafiki. Kila Alhamisi baada ya mazoezi, kila mchezaji apige penalti tano, na mtu mmoja aandike kwenye daftari nani amefunga na nani amekosa. Daftari nitalinunua mimi. Siku penalti zikija, mwalimu asiulize nani anataka, afungue daftari. Na tukiwa mbele kwa bao moja, nambari tisa abaki uwanjani.