Mizizi ndani ya rap



Wengi wetu tukisikia rap nyumbani tunasema: "Zima makelele hayo!" Basi, juma hili tuongee juu ya albamu moja ya rap.

Mwaka 1999, huko Ufaransa, kundi Bisso na Bisso lilitoa albamu Racines, maana yake "mizizi". Passi aliwakusanya wanarap wenzake wenye asili ya Kongo-Brazzaville. Kati yao mwanamke alikuwa mmoja, M'Passi. Jina la kundi ni la Kilingala: "sisi kwa sisi". Walichanganya rap na rumba, soukous na zouk. Waliishi Ulaya, lakini mdundo wa wazazi haukuwapotea.

Mtoto hawezi kurudilia kitu ambacho hakupewa. Tuongee naye lugha zetu, tumsikilizishe nyimbo za bibi yake. Na kabla ya kuzima rap yake, tukae naye tumuulize: "Maneno haya yanasema nini?" Yakitukana wanawake, tumweleze kwa nini yanatuumiza. Yakiwa mazuri, tumsifu.

Kwa mkutano wa juma hili: kila mama amuulize mtoto wake wimbo anaoupenda, halafu atuelezee.